Michoro ya wakati wa korona isipotee

Makala niliyoyasoma kuhusu vijana waliochora wakati wa korona yamenigusa, kwani nilikuwa na miaka 15 Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungwa Mei 2020. Bibi yangu alifariki mwezi huo kwa maradhi ya moyo na, kwa kuwa mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku, akazikwa na watu wachache bila hitima ya kawaida, huku shangazi zangu wa Likoni wakiitikia dua kwa simu. Nikaanza kumchora kwa makaa nyuma ya karatasi za mitihani: vidole vyenye hina, leso iliyochakaa pindoni. Mwandishi wa makala hayo anasema kuwa sanaa ilitusahaulisha machungu. Mimi ilinipa nafasi ya kumlilia. Naomba Makumbusho ya Fort Jesus yaipokee michoro yetu kabla haijaharibiwa na unyevu.