Breki nane kati ya kumi na mbili

Kichwa cha lori chenye ekseli tatu kikivuta tela la ekseli tatu, gari zima lina breki kumi na mbili, moja kila upande wa ekseli. Hesabu hiyo niliijua nikiwa tandiboi wa mjomba wangu, njia ya Dar na Tunduma. Kabla sijaijua vizuri nilikuwa nimeshamsaidia kuipunguza.

Inakuwa hivi. Chemba ya breki inapasuka, upepo unavuja, geji inashuka, gari linajifunga palepale, maana upepo ukikosekana breki hukamata zenyewe. Tandiboi anakata matawi na kuyapanga barabarani nyuma ya tela. Mjomba anaingia uvunguni, anakaza boliti nyuma ya chemba ili tairi liachie, kisha anaukunja mpira wa upepo unaokwenda pale na kuufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mimi namulika tochi. Upepo unapanda, tunaondoka. Zimebaki kumi na moja. Mwaka niliomaliza kidato cha nne zilikuwa nane, na hizo nane ndizo tulizoteremkia nazo mteremko wa Iwambi, Mbeya, tukiwa na kontena mgongoni, chini yetu Mbalizi yote na soko lake, bodaboda zake na watoto wanaotoka shule.

Kila mpira alioukunja, mjomba alimpigia simu tajiri, mwenye gari. Nilikuwa nasikia. "Tajiri, tela halina breki huku nyuma." Na jibu lilikuwa lilelile: "Shusha mzigo kwanza, ukirudi tutaangalia." Siku moja tajiri aliongeza kwamba pale Tunduma kuna vijana kumi wenye leseni wamekaa kijiweni wanasubiri usukani. Hakuwa anatania, hata mimi nilikuwa nawafahamu wawili kati yao.

Ajali ilipotokea sikuwa naye. Alikuwa anateremka Mlima Nyoka jioni, gari likakataa, akalipeleka kwenye kingo ili lisiingie kwenye watu. Aliyekufa ni kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa ameegesha pembeni. Taarifa ikasema chanzo ni uzembe wa dereva, ameshindwa kulimudu gari. Mjomba akafungwa. Tajiri nilimwona mara moja tu, siku alipokuja na bredauni kuchukua tela. Aliuliza kama mzigo umeibiwa.

Sasa ni mwaka wa tisa naendesha lori Uingereza, nikitokea Bristol. Kila asubuhi nalizunguka gari kwa robo saa na fomu mkononi: matairi, taa, mipira ya upepo, geji. Nikikuta kasoro naandika, nasaini, na gari likiwa bovu halitoki. Mara ya kwanza nilikuta upepo unavuja kwenye tela, mlio mdogo tu, unausikia ukizima injini na kutega sikio. Niliandika huku mkono unatetemeka. Nilikuwa namsubiri bosi aniambie habari za vijana kumi wa kijiweni. Alinuna kweli, akapiga meza, akaita fundi. Na siku yangu nililipwa.

Msinielewe vibaya, bosi wa Kizungu si malaika. Ana leseni ya kumiliki malori, tofauti na leseni yangu ya kuendesha, na kuna kamishna anayeweza kumnyang'anya. Fomu yangu inakaa kwenye faili, na faili hilo likiombwa lazima lionekane. Anaogopa karatasi, basi. Hata saa zangu si yeye anayezitunza. Kuna kifaa kinachoandika kila dakika ninayoendesha: muda wa saa nne na nusu, kisha mapumziko ya dakika 45, na kwa siku ya kawaida jumla isizidi saa tisa za kuendesha. Mjomba alikuwa akitoka Dar alfajiri na kulala Makambako, akiwa na bahati.

Kuna kesi moja ya huku ambayo natamani ingesomwa kwa sauti katika kila chuo cha trafiki nchini kwetu. Tarehe 9 Februari 2015, katika mji wa Bath, tipa lililojaa mzigo lilishindwa kusimama kwenye mteremko mkali wenye nyumba pande zote. Liliua watu wanne: mtoto wa kike wa miaka 4 aliyekuwa akivuka barabara na bibi yake, na wanaume watatu ndani ya gari dogo. Dereva alikuwa kijana wa miaka 19, leseni ya malori kaipata siku chache tu kabla. Kwetu hadithi ingeishia hapo: kijana, hana uzoefu, kashindwa kulimudu gari, ndani. Huku walilifungua lile tipa kipande kwa kipande, wakakuta breki zimechakaa siku nyingi. Kijana alishtakiwa, akasimama kizimbani kama wenzake, na baraza la wazee wa mahakama likamwachia. Mwenye gari alipata miaka saba na nusu. Fundi aliyekuwa akilikagua alipata miaka mitano na miezi mitatu.

Mwezi mmoja baada ya Bath, tarehe 11 Machi 2015, sisi tulikuwa Changarawe, Mafinga. Kontena liliangukia basi lililotoka Mbeya kwenda Dar, wakafa watu zaidi ya 40. Kila msiba niliokaa wakati ule watu walizungumzia mashimo na mwendo, na ni haki yao, barabara ile tunaijua. Lakini kontena hukaa juu ya tela kwa kufuli za pembeni, na mimi, labda kwa sababu nilishawahi kuzifunga kwa nyundo, nilikuwa nasubiri mtu aulize kuhusu kufuli. Halafu Simike, Mbeya, Juni 2024, watu 13. Halafu Juni 2025 Iwambi yenyewe, lori limekosa breki, watu 28. Mteremko uleule niliouteremka na breki nane.

Najua mtakachoniambia, kaka na dada zangu wa Uyole na Mbalizi: madereva wenyewe je? Ni kweli. Dereva anayeteremka Kitonga na gia ya juu anajua anachofanya, maana kila tandiboi hufundishwa kwamba mlima unateremkwa na gia uliyoupandia. Ukikanyaga breki njia nzima ngoma zinachemka, moshi unatoka, na mwisho unakanyaga hewa. Wapo pia wanaoachia gari fri, yaani lishuke bila gia. Ila uliza kwa nini wanaachia. Mafuta wanapimiwa, mshahara ni mdogo, na lita inayobaki ndiyo ada ya mtoto. Simtetei, lakini ukimfunga huyo, lita zinabaki zilezile na anayefuata ataachia fri vilevile. Na walevi wafungwe bila huruma. Huku mwaka 2017, kwenye barabara kuu ya M1, dereva aliyelewa alisimamisha lori katikati ya njia, wakafa watu wanane, akala miaka 14.

Ninachotaka ni kidogo. Lori likiua mtu, polisi wakishamshika dereva wamfuate na mwenye gari siku hiyohiyo. Wachukue risiti za spea. Wachukue simu zote mbili, ya dereva na ya tajiri, waone nani alimpigia nani kabla ya mlima. Wahesabu breki zinazofanya kazi na waandike namba hiyo kwenye taarifa, ili magazeti yapate kitu kingine cha kuchapa badala ya "uzembe". Barabara ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi itasaidia sana, naisubiri kama kila mtu wa Mbeya, lakini tela lenye mipira iliyokunjwa litateremka kwenye njia nne pia.

Mjomba ametoka siku nyingi, anauza viazi Uyole. Mwezi uliopita nilimtumia picha ya fomu yangu, akanipigia nimsomee mstari kwa mstari. Alinisimamisha mara mbili kwenye mipira ya upepo. Kisha nikamsimulia kesi ya Bath yote, mwenye gari na fundi wake. Nilidhani atafurahi kusikia tajiri kafungwa. Akanyamaza kidogo, nikasikia mtu anamuuliza bei ya debe, akamjibu, halafu akarudi kwangu.

"Na yule kijana," akasema, "leseni yake walimrudishia?"