Kabla ya Kumuuliza Mwanafunzi Ana Utetezi Gani, Aambiwe Anashtakiwa Nini

Barua nyingi za kuwaita wanafunzi mbele ya kamati ya nidhamu hutaja "utovu wa nidhamu" au "mwenendo unaochafua jina la chuo", kisha huishia hapo, bila tarehe ya tukio, bila mahali lilipotokea na bila kifungu cha kanuni kinachodaiwa kuvunjwa. Mwanafunzi huipokea alasiri na kutakiwa kufika kesho yake asubuhi. Kumbukumbu za kikao zitaonyesha kwamba alipewa nafasi ya kujieleza, lakini kwa maoni yangu mtu huyo hakusikilizwa hata kidogo, kwa sababu hakuna anayeweza kujitetea dhidi ya shtaka asilolijua.

Kanuni hii ni kongwe. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua mwanazuoni Richard Bentley shahada zake bila kumpa nafasi ya kujitetea, na mwaka 1723 King's Bench, mahakama ya juu ya Uingereza, iliamuru arudishiwe, huku jaji mmoja akikumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita ajieleze. Shauri linalonigusa zaidi, hata hivyo, ni la Alabama, Marekani, ambako mwaka 1960 wanafunzi weusi walifukuzwa chuo baada ya kudai kuhudumiwa katika mkahawa wa jengo la mahakama mjini Montgomery, wala barua walizopelekewa hazikubainisha kosa lao. Mwaka 1961, katika shauri la Dixon, mmoja wa wanafunzi hao, mahakama ya rufani iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa utovu wa nidhamu bila kumjulisha mashtaka mahususi na kumpa nafasi ya kusikilizwa. Ikaongeza kuwa anapaswa kupewa majina ya mashahidi wanaomkabili na maelezo ya yale wanayoyashuhudia.

Wapo wanaosema chuo si mahakama, na kwa kiasi fulani nakubaliana nao: kelele za bwenini hazihitaji mawakili wala sheria nzima ya ushahidi. Lakini anayekabiliwa na kufukuzwa huenda akapoteza miaka ya masomo na kazi aliyoitarajia, na adhabu inavyokuwa nzito ndivyo utaratibu unavyopaswa kuwa makini.

Chukua tuhuma za udanganyifu katika mtihani. Ushahidi huwa ni kikaratasi kilichookotwa chini ya dawati pamoja na ripoti ya msimamizi. Mwanafunzi anastahili kukiona kikaratasi chenyewe mapema, aulize ni mwandiko wa nani, kiliokotwa wapi hasa, na kama kilichoandikwa kinahusiana na swali lolote la mtihani ule. Anastahili pia kumhoji msimamizi, ambaye kwa vyovyote hapaswi kuketi miongoni mwa wanaoamua, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kuwa mlalamikaji na mwamuzi katika shauri moja. Nimesikia ikidaiwa kwamba mambo haya yanachelewesha kazi. Yanachukua saa chache tu, ilhali kumwondoa mtu asiye na hatia ni hasara isiyofidiwa kirahisi.

Uamuzi nao uandikwe pamoja na sababu zake, si neno "umepatikana na hatia" pekee, kwa maana bila sababu mwanafunzi hana cha kukatia rufaa. Na rufaa hiyo isikilizwe na watu wengine kabisa, mapema kabla mitihani ya muhula haijampita.