Ng'ombeni ndani ya meinifremu: EBCDIC ibaki au iondoke?

Ukivuka feri ya Likoni ukashika njia ya Kwale, unafika Ng'ombeni. Jina hilo lina alama tisa ukihesabu ritifaa. Ritifaa ikiwa imenyooka, ni baiti tisa. Likiandikwa kwa simu inayopinda ritifaa bila kuulizwa, UTF-8, mpangilio wa herufi unaobeba maandishi ya lugha zote, huliandika kwa baiti 11, kwa sababu ritifaa iliyopinda peke yake hula baiti tatu: E2 80 99 (kila baiti huandikwa hapa kwa namba za msingi wa 16). Programu inayodhani inasoma jedwali la herufi la Windows itaonyesha Ngâ€™ombeni. Hapo jina bado linaokoleka, baiti zote zipo.

Kwenye meinifremu, zile kompyuta kubwa za IBM, mambo ni mengine. EBCDIC, mpangilio wa herufi ulioletwa na IBM pamoja na System/360 mwaka 1964, huandika A kuwa C1 pale ASCII, mpangilio wa kompyuta za kawaida, inapoandika 41. Nafasi tupu ni 40, tarakimu ni F0 hadi F9. Ritifaa iliyonyooka ina makao yake, 7D, lakini iliyopinda haimo katika jedwali la 037 wala la 1047, matoleo mawili ya EBCDIC. Kigeuzi, yaani programu inayohamisha herufi kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine, kwa kawaida huweka 3F, baiti ya kuziba pengo. Herufi ya Kiarabu nayo hupata 3F hiyohiyo, ya Kichina vilevile. Hakuna njia ya kurudi.

Ndiyo maana wanaopokea data ya wateja na mizigo hapa Mombasa, mji ambao majina yake hutoka pande zote za bahari, husema kila kitu kihamishiwe UTF-8 mara moja. Kuhusu majina, wana haki.

Ila wasimamizi wa programu za COBOL, lugha ya kompyuta inayotumika sana kwenye meinifremu, wanaoipinga hoja hiyo si wavivu wa mabadiliko. Rekodi zao si maandishi matupu. Chukua kiasi 12345 kilichohifadhiwa kama desimali iliyobanwa, tarakimu mbili kwa baiti: 12 34 5C, ile C ya mwisho ikiwa alama ya chanya. Faili likipelekwa kwa FTP, njia ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta, katika hali ya maandishi, kigeuzi huiona 5C kuwa kinyota, nacho hukiandika 2A. Tano imekuwa mbili, na hakuna onyo lolote. Baiti ya 15 au 25 ndani ya kiasi, kutegemea jedwali, hugeuka mwisho wa mstari na kuikata rekodi vipande viwili. Data kama hiyo ikirudi kwenye meinifremu, bahati nzuri ni programu kuanguka kwa S0C7, kosa la namba isiyo halali. Bahati mbaya ni kuendelea kuhesabu.

Kuna na upangaji, ambao hausemwi sana. EBCDIC hutanguliza herufi ndogo, kisha kubwa, kisha tarakimu. UTF-8 huanza na tarakimu. Namba za makontena hazina shida, maana herufi nne daima hutangulia tarakimu saba. Namba za hati za shehena, ambazo huweza kuchanganya herufi na tarakimu mahali pamoja, ndizo zinazoumiza: mafaili mawili yaliyopangwa kila moja kwa upande wake yakilinganishwa, rekodi zilizopo huripotiwa hazipo.

Kwa maoni yetu, kosa la pande zote mbili ni kubishania faili zima, wakati uamuzi ni wa kila uga. Faili lisafiri kama baiti tupu, hali ya binary. Upande wa pili, programu isome kopibuku, yaani maelezo ya COBOL ya mpangilio wa rekodi, ichukue nyuga za PIC X (za maandishi) tu na kuzigeuza, kisha nyuga za COMP-3 (desimali iliyobanwa) izifumbue kama namba. Amri ya kugeuza herufi, iconv -f IBM-1047 -t UTF-8, inafaa kwa faili la maandishi pekee; kuielekeza kwenye rekodi mchanganyiko ni kutwanga chumvi na mchele kinu kimoja. Na jedwali litajwe kwa namba, isiandikwe “EBCDIC” tu: mabano ya mraba ni BA na BB katika 037, lakini AD na BD katika 1047. Rekodi moja ya majaribio yenye mabano hayo hufichua kosa hilo mapema.

Data ikielekea kwenye meinifremu, ritifaa zote zinyooshwe kabla ya kugeuzwa, na urefu upimwe baada ya hapo, kwa baiti. Kwa Ng'ombeni inatosha.

Haitoshi kwa jina lililoandikwa kwa Kiarabu, na hapo upande wa UTF-8 unashinda bila mjadala. Katika Db2, hifadhidata ya IBM, jedwali la majina hayo liundwe kwa CCSID UNICODE, yaani herufi zihifadhiwe kwa Unicode, na safu ipewe nafasi ya kweli: herufi 20 za Kiarabu ni baiti 40, na VARCHAR(30), safu ya baiti 30, italikataa jina hilo.