Siku korosho za kijiji zilipoingia hasi

Ukirudi kijijini ukasema unasoma uhandisi wa programu, hilo "programu" linabaki stendi. Kinachofika nyumbani ni "injinia" peke yake. Wiki ya kwanza ya likizo nililetewa redio mbili, pasi ya umeme, na mashine ya kupulizia salfa iliyogoma katikati ya msimu wa dawa. Redio moja ilipona, sijui kwa nini. Mashine ya salfa ilinipulizia usoni nikapiga chafya mpaka adhuhuri.

Kwetu ni kati ya Newala na Tandahimba, na Oktoba ya huku haina masihara. Mabibo yanachacha chini ya mikorosho mpaka hewa yenyewe inataka kukulewesha. Korosho unaipeleka chama cha msingi, inapimwa, unapewa karatasi, halafu unakaa kusubiri mnada. Ndivyo ilivyo tangu stakabadhi ghalani ilipoanza mkoani kwetu Mtwara mwaka 2007: mpaka hela ije, mkulima ameshika kikaratasi chenye kilo. Mtu wa huku unaweza kumtania juu ya mke wake akacheka. Kilo zake usiziguse.

Mimi nilizigusa.

Aliyeniponza ni mjomba, mjumbe wa bodi ya chama. Alisimama kwenye kikao akasema, "Karani wetu macho yamechoka. Huyu mwipwangu amemaliza mwaka wa pili, atatuwekea kompyuta ya kujumlisha." Mjomba wa Kimakonde akishakutoa hivyo mbele za watu, huna pa kukimbilia. Mwenyekiti akataka kujua nitafanyaje. Nikamwambia kwanza naandika kodi, ndivyo tunavyoyaita chuoni maagizo ya kompyuta. Alininyamazia kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama nimetumwa na watu wa mapato.

Programu niliiandika kwa Java, lugha ya kuipa kompyuta maagizo, usiku mbili, kwa mwanga wa taa ya sola. Kazi yake ilikuwa ndogo: karani anasoma kilo kwenye mzani, mimi naziingiza pamoja na jina, kompyuta inaongeza kwenye jumla ya chama. Sasa kwenye Java namba nzima zina vyombo vya ukubwa tofauti. Kuna kinachoitwa int, kinakula baiti 4 za kumbukumbu ya kompyuta. Kuna kidogo kinaitwa short, baiti 2. Nikachukua kile kidogo kwa ajili ya jumla, nibane nafasi. Laptopu yangu ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, yaani baiti kama bilioni nne, mimi nikaenda kubania baiti mbili.

Na nilionywa, jamani. Niliandika kwamba jumla mpya ni jumla ya zamani ukiongeza kilo, kompaila, ile programu inayokagua kodi na kuitafsiri kwa kompyuta, ikakataa: unamimina chombo kikubwa ndani ya kidogo, kitu kinaweza kupotea. Nikaudhika. Nikaandika ule mkato wa alama ya kujumlisha na sawasawa zikiwa zimeshikana, +=, na kompaila ikanyamaza. Ule mkato una tabia hiyo, unaibana namba kimyakimya bila kukuuliza. Nilidhani nimeishinda kompyuta. Nikajaribu kwa gunia kumi za kilo 80, ikaleta 800, nikalala.

Siku mbili za kwanza nilikuwa mtu mkubwa. Laptopu ilikaa juu ya debe lililopinduliwa, na kwa sababu jua lilikuwa linafuta kioo, bibi mmoja alinipa khanga yake niitundike juu kama kibanda. Khanga ilisema "Mgeni njoo mwenyeji apone". Kila saa moja mjomba alinyanyua pembe ya khanga, anachungulia, anawatangazia watu jumla kama matokeo ya mpira. "Elfu kumi na tisa na mia nne!" Watu wanaguna kwa kuridhika.

Siku ya tatu, kama saa nane mchana, kioo kilisoma 32,718. Zamu ilikuwa ya yule yule bibi mwenye khanga. Korosho zake zilikuwa safi, kavu, ukizitikisa zinalia, daraja la kwanza bila ubishi. Karani akainamia mzani, akafuta miwani kwa kanzu, akainama tena. "Sitini na tatu!" Nikaandika 63, nikabonyeza.

Mjomba akanyanyua pembe ya khanga, akavuta pumzi ya kutangaza. Haikutoka. Aliitazama ile namba muda mrefu, kisha akaniuliza polepole, "Hiki kistari hapa mbele ni cha nini?"

Kioo kilikuwa kimeandika -32,755.

"Ni... hasi, mjomba."

"Hasi ndiyo nini?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kudanganya. Lakini mtihani umenizoesha kujibu swali lilivyoulizwa. Nikasema, "Maana yake chama hakina korosho. Kinadaiwa korosho tani thelathini na mbili na ushee."

Sikuwahi kusikia watu mia wakinyamaza kwa pamoja namna ile, hata kuku waliokuwa wanachakura kwenye maganda nadhani walisimama. Halafu mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Kangomba ya kompyuta hiyo!" Basi. Maana kangomba huku ndiyo ule ununuzi wa kificho, unapunjwa kwenye kipimo, na hakuna anayelitamka neno hilo kwa upole.

Ila kundi la pili ndilo lililoniumiza, kwa sababu halikunigeukia mimi. Liligeukia bibi. Gunia zote zimeingia salama siku tatu, linafika la kwake zote zinayeyuka? "Chuma ulete," mama mmoja akanong'ona, kwa ule mnong'ono wa kusikika mpaka barabarani. Bibi akasimama, akajifunga kibwebwe, akasema, "Mimi? Kilo sitini na tatu zile tani thelathini na mbili? Zina meno?"

Kwa kweli hoja yake ilikuwa nzito kuliko zangu zote.

Nilijaribu kueleza. Nikasema chombo cha baiti mbili mwisho wake ni 32,767, ukiongeza moja tu inageuka inaanzia chini kabisa, kwenye hasi 32,768. Ni kama debe, wazee wangu, debe likijaa... Mwenyekiti akanikata. "Mjukuu wangu, debe likijaa linamwagika. Lini umeona debe likijaa likageuka shimo?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Aibu kubwa zaidi niliificha moyoni: darasani tulifundishwa habari za roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliyoruka tarehe 4 Juni 1996 na haikufikisha hata dakika moja ikalipuka, kwa sababu programu ililazimisha namba ya biti 64 iingie kwenye chombo cha biti 16. Biti 16 ndizo hizo hizo baiti mbili zangu. Swali lile lilikuja kwenye mtihani. Nilipata alama zote.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kuomba radhi. Kilo za kila mtu zilikuwa zimehifadhiwa mstari kwa mstari. Nikafuta short, nikaandika int, nikajumlisha upya. 32,781. Karani akajumlisha za kwenye daftari lake kwa kalamu, midomo ikicheza, watu wakimsubiri yeye, siyo mimi. Ikatoka hiyo hiyo. Hakuna aliyeshangilia. Mjomba aliikunja ile khanga taratibu, akamrudishia mwenyewe, akaniambia nikapumzike.

Tangu hapo jina langu ni Injinia Hasi. Watoto wananiamkia hivyo, tena kwa heshima zote: "Shikamoo Injinia Hasi."

Siku ya kurudi chuo, bibi alinifuata stendi na kifurushi cha korosho alizobangua mwenyewe. Nikapiga magoti kupokea. Hakukiachia mara moja.

"Ni kilo mbili," alisema. "Ukifika huko usiziingize kwenye kompyuta, zisije zikanidai."