Natangaza Rasmi Kwamba Tunahama

Barua ya mwenye nyumba imepenyezwa chini ya mlango alfajiri ya leo, kwa ustadi wa mtu anayejua kwamba akibisha hodi atakaribishwa ndani na kuoneshwa dari. Wenzangu mnaopanga mnajua kwamba barua za namna hii husomeka hata zikiwa ndani ya bahasha. Kilichobaki kujua kilikuwa kiasi tu cha nyongeza ya kodi, nacho kilikuwa kimewekwa mwisho kabisa, baada ya salamu, baada ya shukrani kwa ushirikiano wetu wa miaka mingi, na baada ya maneno yale matukufu, "kutokana na hali ya maisha". Huyu bwana huandika kana kwamba hali ya maisha hufikia kwake kwanza, ikapumzika kidogo sebuleni, kisha ikaomba kuelekezwa kwangu.

Nikasimama katikati ya chumba, nikafunga vifungo vyote vya shati kama mtu anayejiandaa kuhutubia, nikatangaza: "Mama watoto, tunauhama mji huu."

Mke wangu hakuinua kichwa. "Sawa, baba watoto," akasema. "Lakini leo ni zamu yako ya kutoa takataka, kwa hiyo anza kuhama na hizo."

Nakiri kwamba tangazo hilo halikuwa la kwanza. Ninalo daftari maalumu la suala hili, ambalo ukurasa wake wa kushoto una sababu za kuondoka na wa kulia una sababu za kubaki, na tatizo lake ni moja tu: ukurasa wa kushoto umeandikwa kwa tarakimu na wa kulia kwa maneno. Kushoto kuna kodi, nauli na ada za shule, vyote vikiwa vimepangwa vizuri vikisubiri kujumlishwa. Kulia kuna mama yangu mzazi, anayeishi mwendo wa kutembea kutoka hapa na ambaye hupiga simu taa yake ikigoma kuwaka. Kuna fundi anayekubali kulipwa mwisho wa mwezi bila kuuliza ni mwezi gani. Na kuna daktari mmoja anayeufahamu mgongo wangu kuliko anavyonifahamu mimi. Niambieni nyinyi mliosoma hesabu, mgongo unaofahamika hutolewaje kwenye kodi ya nyumba?

Kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, nilitafuta kipimo. Nikakuta kwamba Wamarekani, kwa sheria ya mwaka 1969, waliwawekea wapangaji wa nyumba za umma ukomo wa kulipa asilimia 25 ya kipato chao, wakaupandisha hadi asilimia 30 mwaka 1981, na washauri wa fedha wakaiokota hiyo 30, ambayo hadi leo wanatuchapa nayo sisi sote. Nilipokokotoa yangu nilicheka kwa sauti iliyomfanya mke wangu aje mbio kuuliza nani amefariki. Sitaitaja asilimia yenyewe hapa. Niseme tu kwamba ile ya Wamarekani na yangu zikikutana njiani, yao italazimika kuiamkia yangu shikamoo.

Nikapima na upande wa pili, ili nisionekane mtu wa upendeleo. Madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha mwaka 1967 orodha ya matukio 43 ya maisha, kila tukio na alama zake kwa kadiri linavyomwelemea binadamu. Kufiwa na mwenzi ndiko kileleni, alama 100. Kubadili makazi ni alama 20 tu, nikafurahi, hadi nilipogundua kwamba mtu hahami makazi peke yake: kuna kubadili shule, 20 nyingine, mabadiliko ya hali ya kuishi, 25, kuingia kazi ya aina nyingine, 36, na kubadili shughuli za kijamii, 18. Jumla ni 119, maana yake ni kwamba kwa kuhama tu nimeshampita mjane. Nilijaribu kutoa zile alama 29 za ugomvi na wakwe, kwa hoja kwamba tungekuwa mbali nao, lakini mke wangu alinitazama, nikazirudisha.

Ushauri wa watu haukunisaidia. Shemeji yangu aliyehama miaka miwili iliyopita hunipigia simu kila jioni kuusifu utulivu wa kule, na huusifu kwa saa nzima kwa sababu hana mtu mwingine wa kuzungumza naye. Bosi wangu, nilipomuuliza kama ningeweza kufanya kazi kwa njia ya intaneti nikiwa mji wa mbali, alilipokea wazo hilo kwa furaha iliyonitia shaka, akasema mshahara nao ungehamia huko huko kwenye unafuu. Binti yangu mdogo aliuliza kama rafiki zake wangefungwa kwenye maboksi au wangepanda nasi mbele.

Pamoja na hayo yote, mwezi uliopita nilikwenda. Nililiona tangazo kwenye simu, nyumba ya vyumba vitatu, eneo tulivu, huduma zote karibu, dakika tano kutoka stendi, kwa kodi ambayo niliisoma mara mbili nikidhani wamesahau sifuri. Sikumuaga mtu mtaani. Nilisema nakwenda kumsalimia shangazi. Nikapanda basi la kwanza, gizani, nikashuka jua likiwa kichwani, nikampigia dalali.

"Nipo hapa hapa, mzee wangu, nimeshakuona," akasema. "Si ndiye mwenye shati jeupe?"

Nilikuwa nimevaa sweta la kijani. Nikamwambia. Akasema basi nisiondoke hapo, na baada ya saa moja akatokea kijana mwembamba, akanyoosha mikono miwili, akasema shikamoo kwa unyenyekevu ulioniongezea miaka kumi. Mtu anayeamkiwa hivyo hawezi tena kulalamika kuhusu saa moja. Niliitikia marahaba, naye akaanza kutembea.

Tukatembea. Tuliupita mti mkubwa, tukaupita mwingine, tukavuka korongo kwa kushikana mikono kama watu waliokula kiapo. Nilipotazama saa, dakika ya 25 ilikuwa inaingia.

"Mwanangu," nikamwambia, nikijitahidi pumzi isinisaliti, "hizi dakika zako tano zilianza kuhesabiwa wapi?"

"Zinaanza pale tutakapoiona nyumba, mzee."

Nyumba tuliiona, na lazima niitendee haki: kwa mbali ilikuwa nzuri. Vyumba viwili vya kwanza vilikuwa vyumba. Cha tatu tuliingia wote wawili, na nilipotaka kugeuka kukitazama ilibidi dalali atoke kwanza.

"Hiki ni cha mgeni," akaniambia akiwa nje.

"Mgeni wa kimo gani?"

"Mgeni asiyekaa sana, mzee."

Nikauliza kuhusu maji. Akajibu kwamba maji yapo, akaenda kwenye bomba akalifungua kwa madaha ya mtu anayefunua mnara wa kumbukumbu. Bomba likakohoa. Tukasubiri kwa heshima. Likakohoa tena, likatoa mdudu mmoja, likanyamaza. "Yapo," akasema dalali, "ila si leo." Nikauliza shule iko wapi, akaonesha kilima. Nikauliza hospitali, akaonesha nyuma ya kilima kile kile. Kilima kile kilikuwa kimebeba mambo mengi. Mwishowe nikauliza lililokuwa moyoni, yaani kama mtu akihamia hapa anaweza kupata kazi.

"Kazi hapa zipo nyingi sana, mzee wangu."

"Kama zipi?"

Akafikiri. Akatazama upande wa stendi, akatazama upande wa kilima. "Udalali," akasema.

Nilikuwa bado nazungumza na nafsi yangu kuhusu jibu hilo tulipozunguka nyuma ya nyumba na kumkuta mama mmoja akianua nguo. Nilidhani ni jirani. Dalali akawa ghafla na shughuli kwenye simu yake. Yule mama akatukaribisha vizuri, akafuta kiti kwa kanga, akanisihi nikae, kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama mimi ndiye ninayetoka mjini. Mwenye nyumba alikuwa amewaambia kwamba wa mjini wanaweza kulipa zaidi, na yeye na wanawe walikuwa wamepewa hadi mwisho wa mwezi, kutokana na hali ya maisha.

Sikukaa kwenye kile kiti. Sikujua hata mikono yangu niiweke wapi. Nimekuwa nikiilaani hali ya maisha kwa miaka mingi, nikiitafuta ilipo ili niioneshe dari yangu, na sasa nilikuwa nimesafirishwa kwa nauli yangu mwenyewe hadi kwenye uwanja wa mtu ili nijulishwe kwamba hali ya maisha ni mimi, na nimevaa sweta la kijani. Mwanasosholojia Ruth Glass aliliona jambo hili London na kulipa jina mwaka 1964: wenye nacho wanaingia mtaa wa wasio nacho, kodi zinapanda, wenyeji wanaondoka mmoja mmoja. Lakini wale aliowaandika Glass walikuwa watu wa tabaka la kati, wenye fedha ya kubomoa na kujenga upya! Mimi soksi zangu zina dirisha! Inawezekanaje mtu akafukuzwa na bei mahali pamoja na akawa yeye ndiye bei mahali pengine, ndani ya siku moja, bila hata kubadili viatu?

Na kana kwamba hilo halikutosha, nikasikia sauti za watu wakija kutoka mbele ya nyumba, wakiongozwa na dalali mwingine aliyekuwa akieleza kuhusu dakika tano, na kwenye kona akajitokeza jirani yangu. Jirani yangu wa mlango wa pili. Huyu ndiye mtu ambaye kwenye kila kikao cha wapangaji husimama na kusema kwamba yeye mji huu hautamwona mgongo, kwamba wanaokimbia ni wale wasioupenda. Tukatazamana. Mdudu wa kwenye bomba angeweza kusikika akitembea.

"Nimekuja kumsalimia shangazi," nikasema.

"Mimi nimekuja msibani," akasema.

"Kumbe mnafahamiana!" Dalali wangu akapiga makofi kwa furaha ya kweli. "Hapo sasa, wazee wangu, kwa kuwa nyumba ina wateja wawili, bei itapanda kidogo."

Tulirudi kwa basi moja, yeye kiti cha mbele na mimi cha nyuma kabisa, kila mmoja akilitazama dirisha lake kwa bidii. Basi lilikuwa limejaa kama lilivyojaa asubuhi, na sikushangaa, kwa sababu Ravenstein, mchora ramani wa Uingereza, aliandika tangu 1885 kwamba kila mkondo mkubwa wa wahamaji huzaa mkondo wake wa kurudi. Ila hakuandika kwamba mkondo huo hukanyaga vidole. Njiani nilipata muda wa kumfikiria na mwenzake Thünen, mwenye shamba wa Ujerumani, aliyeeleza mwaka 1826 kwamba kodi ya ardhi hushuka kadiri unavyolipa soko kisogo, kwa kuwa safari inakula kile ambacho mwenye ardhi angekula. Kwa lugha nyingine, ile nafuu niliyoisoma mara mbili kwenye tangazo ulikuwa ni umbali uliopakwa rangi. Nikajumlisha nauli ya kwenda kumwona mama na taa yake, nauli ya kuupeleka mgongo kwa daktari wake, na mshahara ambao bosi alitaka uhame nami, na tulipofika stendi yetu nyumba ya dakika tano ilikuwa imeshafikia bei ya nyumba ninayoishi, bila maji.

Kwa hiyo leo, nilipoisoma barua, nilikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Sikunyamaza. Nilipomaliza kutoa takataka nilirudi nimedhamiria kuanza na hatua ya kitaalamu, yaani kupima samani kabla ya kutafuta lori, na nikaanza na kabati la nguo. Kabati hili lilitengenezwa humo humo chumbani na fundi aliyesifiwa sana kwa uimara wa kazi zake, na kwa macho tu naona kwamba ni pana kuliko mlango, pana kuliko dirisha, na lina sura ya kitu kisicho na mpango wa kwenda popote. Lakini macho si kipimo. Nikatafuta futi ya kupimia kwenye droo zote, hadi nikakumbuka kwamba nilimwazima jirani. Yule yule. Hatujasemezana tangu siku ya basi, zaidi ya kupungiana mkono kila mmoja akiwa anatazama ukuta.

Nikiwa bado najadiliana na heshima yangu, hodi ikapigwa. Alikuwa yeye, bahasha ya aina ile ile mkono mmoja, futi yangu mkono mwingine, akaniambia amemaliza nayo. Kumbe naye ana kabati.

"Shangazi hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Na nyinyi mlishazika?"

"Tulizika salama."

Akanikabidhi futi, akageuka kuondoka, kisha akasimama kizingitini na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua, kama bomba lile lilikuwa limetoa maji hata kidogo nilipofunguliwa mimi.

"Lilikohoa," nikamwambia.