Methadoni: anywe dirishani au apewe aende nayo?

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa waraibu wa heroini methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, Februari 2011, bila malipo. Utaratibu mkuu haujabadilika sana: unapanga foleni, unaitwa, unakunywa dozi dirishani mbele ya mhudumu, unasemeshwa kidogo ihakikishwe umemeza. Kesho tena, iwe Jumapili au Idi.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Methadoni ni jamii moja na heroini. Dozi inayomtuliza aliyezoea yaweza kumuua mtoto aliyeikuta kabatini au kijana aliyeuziwa maskani, kijiwe cha watumiaji. Tena hukaa mwilini muda mrefu, hivyo anayejiongezea akidhani haijamkolea huirundika bila kujua. Na palepale kliniki watu hupimwa kifua kikuu na VVU, wakaanzishiwa dawa.

(Wapo pia wasemao huku ni kuhamisha ulevi tu. Sikubaliani. Mtu aliyepata kipimo chake hapepesuki wala halewi, na sindano kaiacha. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.)

Lakini saa za dirisha ndizo saa za kibarua. Kondakta akinywa saa mbili asubuhi, daladala limeshapata mwingine. Nauli ya kwenda na kurudi hutafutwa kila siku. Ukitokea msiba mkoani, achague kuzika au kunywa. Akikosa siku kadhaa mfululizo, dozi hushushwa kwa usalama wake, halafu arosto, maumivu ya kukosa dawa, inaanza: mafua, tumbo kukata, mifupa kuuma. Hapo unga, yaani heroini, uko karibu kuliko hospitali. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu anaweza kuipata arosto hata bila kukosa siku, maana dawa hiyo huimaliza methadoni mwilini mapema.

Marekani, Machi 2020, kwa sababu ya Uviko, iliruhusu wagonjwa waliotulia wapewe dozi za hadi siku 28. Mwaka 2024 ulegezaji huo ukawa wa kudumu. Ila kule kuna kabati lenye kufuli. Hapa mwingine analala chumba kimoja na watu watano, mwingine maskani kwenyewe.

Kwangu, miezi ya mwanzo dirisha libaki. Aliyetulia aanze na dozi za wikiendi, kisha aongezewe. Na kutulia kusipimwe kwa kupima dawa za kulevya kwenye mkojo peke yake: aulizwe anafanya kazi gani, anaishi na nani, na hiyo chupa ataiweka wapi.