Agumenti isiyotarajiwa: maelezo ya Lisp yaseme au yanyamaze?

Fungua Emacs, kihariri cha maandishi kinachoendeshwa kwa Lisp, lugha ya programu, uandike (nth -1 '(a b c)): unaiomba fanksheni nth kipengele cha orodha, na hiyo hasi moja ndiyo agumenti, yaani thamani unayoipa, inayotaja ni kipengele kipi. Jibu ni a. Hakuna hitilafu wala onyo. Aliyezoea substring, fanksheni ya kukata kipande cha maandishi, ambako hasi moja huhesabiwa kutoka mwisho, alitarajia c, na programu yake itaendelea kukimbia ikiwa imebeba kitu kingine kabisa. Maelezo ya nth yanasema hesabu huanzia sifuri, na orodha isipofika hapo utarudishiwa nil, alama ya utupu. Kuhusu namba hasi, kimya.

Wapo wanaokitetea kimya hicho, na hawasemi ovyo. Ukishaandika kwamba hasi hurudisha kipengele cha kwanza, umeweka ahadi, na kesho ukitaka kuibadilisha utaambiwa umevunja programu za watu. Tena Lisp imezoea uvumilivu: katika Common Lisp, mojawapo ya lahaja zake, (car nil), yaani kipengele cha kwanza cha orodha tupu, ni nil kwa makusudi, na uvumilivu huo umefupisha misimbo mingi. Scheme, lahaja nyingine, ilikataa, huko car ya orodha tupu ni kosa.

Ila hoja ya ahadi inamsahau mtumiaji mwenyewe. Mtu wa Lisp ana REPL mbele yake, sehemu ya kuandika msimbo na kuona jibu papo hapo. Maelezo yakinyamaza, anajaribu, anaona a, anajenga juu ya a. Mwenzake naye anaunakili msimbo huo. Miaka ikipita, tabia ambayo haikuandikwa popote inakuwa imeshikiliwa na programu nyingi, na wasimamizi wanaogopa kuigusa sawasawa na ambavyo wangeogopa kama wangeiandika. Uhuru waliokuwa wakiulinda umekwenda vilevile, na msomaji amekosa onyo ambalo lingemsaidia siku ya kwanza. Hapo ndipo naona wanaodai maelezo kamili wanaonewa wanapoitwa wasumbufu.

Kusema si lazima kuwe kuahidi. Kiwango cha Common Lisp cha mwaka 1994 kinataka namba ya nth iwe nzima na isiwe hasi, na penginepo kinatamka waziwazi kwamba matokeo hayajafafanuliwa. Mwandishi wa fanksheni yake mwenyewe anaweza kuongeza (check-type n (integer 0)): n ikiwa hasi, kazi inasimama palepale, thamani mbaya inatajwa, na unapewa nafasi ya kuweka nyingine uendelee.

Kwa nth ya Emacs hata tabia haihitaji kuguswa. Ingetosha kuongeza katika maelezo yake kwamba N, namba inayopewa, isiwe hasi, na ikiwa hasi jibu lisitegemewe.